Nilihamisha Mishale Ishirini na Mitatu

Mimi ni mtu wa masijala. Kazi yangu ni majalada: nani kachukua lipi, lini, limerudi au bado limelala mezani kwa bosi chini ya chupa ya chai. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, jambo lililoamuliwa tangu 1973, ni mimi niliyesimama nyuma ya lori kule Dar es Salaam na orodha mkononi, nikihesabu maboksi. Yakafika yote. Kwa hiyo naomba mnihurumie mapema, maana mtu huyo huyo ndiye aliyehamisha mafaili yake mwenyewe kutoka mezani hadi kwenye kochi, hatua nne, yasifike hata moja.

Kompyuta yangu ya zamani niliinunua 2010, ile ya mezani, kioo chake kina chogo kama televisheni za enzi zile. Ilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft waliifanya yatima Januari 2020, ila kwangu iliendelea kulelewa. Ukitaka kuiwasha unabonyeza, unakwenda kuoga, ukirudi ndiyo inakukaribisha. Vumbi la Nkuhungu, mtaa wetu hapa Dodoma, lilishajaa kwenye feni, ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga, hadi mtoto wa jirani akaja na debe la mahindi. (Hapo nimeongeza chumvi, lakini si nyingi.)

Nikakopa, nikanunua laptopu. Nyembamba, unaibeba kama daftari. Mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta pale UDOM akanipigia simu: "Mjomba, usiguse kitu. Jumamosi nakuja nikuhamishie."

Usiguse kitu! Mimi niliyehamisha masijala nzima! Nikamwambia asome vitabu vyake, mambo ya wakubwa awaachie wakubwa.

Usiku ule ule nikachomeka flashi. Kwenye kioo cha mbele cha kompyuta kulikuwa na folda zangu zote, nimezizoea kama vyumba vya nyumba yangu: Picha za Harusi, Watoto, Vyeti, Kikundi, Shamba. Nikazihesabu, 23, nikaandika kwenye karatasi kama ilivyo ada ya kazi. Nikachagua zote, nikakopi, nikabandika kwenye flashi. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa usiku mrefu, chai kwenye chupa, karanga kwenye kibakuli. Sekunde tatu, kwisha.

"Mbona haraka hivyo?" mama watoto akauliza.

"Teknolojia, mke wangu."

"Picha za miaka yote hiyo?"

Nikamtazama kwa huruma anayotazamwa nayo mtu asiye wa fani. Nikahamishia kwenye laptopu, sekunde mbili. Nikahesabu tena: 23. Nikaweka vema mbele ya kila jina, nikatia sahihi na tarehe. Kila picha ya folda ilikuwa na kimshale kidogo pembeni chini, upande wa kushoto. Nilikiona. Nikadhani ni urembo.

Kesho yake, kwa furaha ya kazi iliyokamilika, nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kukaa. Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu aliyeko Kongwa, alikuwa amelalamika mara mbili kwamba mihutasari ya kwaya anaiandika kwa mkono na vidole vinamuuma. Nikaifunga ile kompyuta kwenye boksi, nikaipeleka stendi ya Nanenane, ikapanda basi. Jioni mzee akapiga simu kunibariki. Alinibariki mimi, wanangu, na mifugo ambayo sina.

Mwaka 1947 Waingereza walipeleka Kongwa mashine, nyingine ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakalime karanga za kupata mafuta. Udongo ukikauka pale unakuwa kama tofali. Mwaka 1951 wakakunja jamvi. Nayasema haya kwa sababu nataka ijulikane kwamba si mimi wa kwanza kupeleka mashine Kongwa kwa kujiamini.

Siku ya tano, mama watoto akataka kuona picha za harusi. Akakaa kwenye kochi, kanga begani, watoto pembeni. Nikabonyeza. Laptopu ikafikiri, ikatoa kidirisha cha maneno.

"Inasema nini?"

"Inasema... kitu hakipo kilipokuwa."

"Kimehamia wapi?"

Swali zuri. Nikabonyeza Watoto. Vyeti. Shamba. Zote 23 zikanijibu neno moja, kama ofisi ya watu waliokubaliana. Nikatoka nje, nikampigia mpwa. Alicheka muda mrefu. Nilisikia akiweka simu mezani ili acheke vizuri. Akaniambia niangalie uzito wa hizo folda. Nikaangalia: kila moja kilobaiti moja au mbili. Harusi yangu nzima, na wapambe wake, na keki, kilobaiti mbili.

"Mjomba, hizo si folda. Ni njia za mkato. Ule mwaka nilipokuja likizo nikakupigia windo, yaani kuiweka Windows upya, niliyahamishia mafaili yote D, ile sehemu ya pili ya diski ya ndani, nikakuwekea njia za mkato mbele ili usihangaike."

Hapo ndipo nilipoumia kitaaluma. Masijala jalada likitoka rafuni, mahali pake tunaacha kadi: jalada namba fulani liko kwa fulani. Mtoto wa mwaka wa kwanza kazini anajua kwamba kadi si jalada. Mimi nimehamisha kadi 23, nimezihesabu mara mbili, nimezitilia sahihi. Majalada nimeyapakia basi kama zawadi.

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa ya sekunde tatu.

Sasa, unamwendeaje baba mkwe kumwambia ulichompa kina vitu vyako? Nilipanga maneno njia nzima, kutoka Nanenane mpaka tunakata kona Mbande. Nikaamua niseme nimekuja kusalimia. Kwenye mfuko nilikuwa na diski ya kuhifadhia mafaili niliyoazima kwa mpwa, pamoja na sukari kilo mbili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu! Karibu. Ile mashine kijana wa hapa sokoni ameipiga windo juzi, nyepesi kama unyoya!"

Magoti yalilegea. Nikaombwa nikae, nikakaa, nikaletewa karanga, nikatafuna bila kusikia ladha. Nikampigia mpwa kwa kujifanya naenda msalani. Akasema: "Usiogope mjomba. Kama amegusa C tu, sehemu inapokaa Windows, D ipo. Ndiyo maana niliyaweka kule." Alilisema hilo "ndiyo maana" taratibu sana, na nilistahili.

Nikarudi, nikamwomba mzee niitazame mashine kama inakwenda vizuri. Nikafungua. D ipo. Picha zipo, watoto wapo, keki ipo. Nikachomeka diski, nikaanza kukopi, mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Saa mbili na dakika arobaini zimebaki. Hivi ndivyo mafaili yenyewe yanavyohama, kumbe, yana uzito.

Mzee akavuta kiti, akakaa karibu. Akavaa miwani.

"Mwanangu, humo ndani mna vitu vyako vingi. Mimi ni mwalimu, karatasi ikiwa mbele yangu siwezi kuiacha bila kuisoma."

"Ndiyo, baba."

"Kuna moja umeandika juu SIRI, kwa herufi kubwa."

Mate yakakauka. Mwaka 2012, kabla ya posa, wazee wa upande wangu walikaa kikao, na mimi, kwa ugonjwa wa kazi, nikaandika muhtasari. Ajenda ya tatu: mahari. Azimio: tuanze na ng'ombe sita, tulalamikie ukame, tusivuke kumi na tano. Wakwe walikubali tisa. Tulirudi nyumbani tukiimba.

"Muhtasari mzuri," mzee akasema. "Una ajenda, una mahudhurio, una maazimio. Nyinyi vijana wa ofisini mnaandika vizuri." Akachukua karanga moja, akaimenya polepole. "Kumi na tano kutoa tisa ni ngapi?"

Nikatazama kioo. Saa mbili na dakika thelathini na nane.

Jioni, ndani ya basi, diski nimeipakata kama mtoto mchanga, mama watoto akapiga simu.

"Umezipata?"

"Zote."

"Baba anasemaje?"

"Anakusalimia sana. Anauliza mnadani Msalato siku hizi ng'ombe mmoja ni shilingi ngapi."