Nani Atangulie Kuweka Silaha Chini?

Machi 24, 1993, Rais F. W. de Klerk alisimama mbele ya Bunge la Afrika Kusini akatoboa siri iliyofichwa kwa miaka mingi: nchi yake ilikuwa imeunda mabomu sita ya nyuklia, la saba likiwa halijakamilika, na yote yalikwisha kuvunjwa. Miaka miwili kabla ya hapo, Julai 1991, ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia kama nchi isiyo na silaha hizo. Mpaka leo ndilo taifa pekee lililojiundia mabomu ya nyuklia kwa mikono yake kisha likayateketeza yote kwa hiari.

Sababu zake hazikuwa za utakatifu. Vita Baridi vilikuwa vinakwisha, majeshi ya Cuba yalikuwa yanaondoka Angola, Namibia ilikuwa inapata uhuru, na ile hatari iliyotumiwa kuuhalalisha mradi mzima ilikuwa imepungua sana. Wapo pia wanaoamini kwamba watawala wa kibaguzi hawakutaka kuiachia silaha kama hizo serikali ya walio wengi iliyokuwa njiani kuja. Nalitaja hili mapema kwa sababu mjadala wa silaha za nyuklia hugeuka haraka kuwa mjadala wa wema na ubaya wa mioyo. Afrika Kusini iliweka silaha chini ilipopiga hesabu ikaona itakuwa salama zaidi bila hizo. Kila nchi inayoombwa kufanya hivyo hujiuliza swali lile lile: nikitangulia mimi, nitabaki salama?

Mkataba wenyewe, uliofunguliwa kutiwa saini mwaka 1968 na kuanza kutumika Machi 5, 1970, ni mapatano ya nipe nikupe. Nchi zilizokuwa zimelipua bomu kabla ya Januari 1, 1967, yaani Marekani, Umoja wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China, zilitambuliwa kuwa nazo. Nyingine zote zilizojiunga ziliahidi kutozitafuta, na zikakubali wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao yake Vienna, waingie kwenye mitambo yao na kuhesabu urani yao, madini yanayotengenezewa fueli na mabomu ya nyuklia. Kwa upande wa pili ziliahidiwa kunufaika na teknolojia ya nyuklia kwa kazi za amani na, katika ibara ya 6, kwamba wenye silaha watafanya mazungumzo kwa nia njema ili kuziondoa. Tarehe ya mwisho ya kulipa deni hilo haikuandikwa.

Nusu ya kwanza ya mapatano imefanya kazi kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Machi 1963 Rais John F. Kennedy alieleza hofu yake kwamba katika miaka ya 1970 dunia ingeweza kuwa na nchi 15, 20 au hata 25 zenye silaha za nyuklia. Leo ziko tisa: zile tano, pamoja na India, Pakistan, Korea Kaskazini, na Israel ambayo haijawahi kukiri wala kukana. Brazil na Argentina, zilizokuwa zikitazamana kwa mashaka, mwaka 1991 ziliunda chombo cha pamoja cha kukaguana. Maeneo makubwa ya dunia yamejifunga kwa mikataba yao wenyewe: Amerika ya Kilatini na Karibea tangu 1967, kisha Pasifiki ya Kusini, Kusini-Mashariki mwa Asia, Afrika na Asia ya Kati. Mkataba wa Afrika, uliofunguliwa Cairo Aprili 1996 na kuanza kutumika Julai 2009, unaitwa Pelindaba, jina la kituo cha utafiti wa nyuklia kilicho karibu na Pretoria. Anayesema kwamba ushirikiano wa kimataifa haujazaa chochote hajayatazama haya.

Nusu ya pili ndiyo inayouma. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia takriban 70,000. Sasa vimebaki kama 12,000, na karibu asilimia 90 viko Urusi na Marekani. Wenye silaha hupenda kuitaja tofauti hiyo kama ushahidi kwamba wanatimiza ibara ya 6, na si haki kuidharau. Mkataba wa makombora ya masafa ya kati, uliosainiwa na Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev Desemba 1987, uliteketeza makombora 2,692, huku kila upande ukiweka wakaguzi wake kwenye lango la kiwanda cha mwenzake. Baadaye, kati ya 1993 na 2013, tani 500 za urani ya silaha za Urusi zilizimuliwa na kuuzwa Marekani kama fueli ya vinu vya umeme. Taa za miji ambayo makombora hayo yalielekezwa kuiteketeza zikawa zinawashwa kwa kilichokuwa ndani yake. Ningependa kila mtoto wa shule afundishwe jambo hilo.

Lakini sehemu kubwa ya upungufu huo ilipatikana katika miaka michache iliyozunguka mwisho wa Vita Baridi, na nguzo zilizoushikilia zimeanguka moja baada ya nyingine. Marekani ilijitoa katika mkataba wa kudhibiti mifumo ya kutungua makombora mwaka 2002, na katika ule wa masafa ya kati mwaka 2019, ikiishutumu Urusi kwa kuukiuka. Ukabaki mkataba mmoja kati ya wakubwa hao wawili, uliosainiwa Prague Aprili 2010, wenye kikomo cha vichwa 1,550 vilivyo tayari kwa kila upande. Ukaguzi wa ana kwa ana ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona na haukurudi tena, Urusi ikasimamisha ushiriki wake Februari 2023, na maandishi ya mkataba yaliweka ukomo wake Februari 5, 2026 bila nafasi ya kuongezwa mara ya pili. Wakati huohuo China inaongeza silaha zake, na yenyewe husema haiwezi kuitwa mezani kwa masharti sawa na nchi zenye mara kadhaa ya idadi yake.

Upande wa wanaotetea silaha hizi nao unastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu wengi wao si wapenda vita. Wanasema tangu Agosti 1945, Hiroshima na Nagasaki zilipoteketezwa, mataifa makubwa hayajapigana uso kwa uso, baada ya vita viwili vya dunia ndani ya miaka thelathini. Kila mmoja anajua kwamba akianza, naye hatabaki. Kisha wanakuonyesha Ukraine. Baada ya kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti, vichwa vya masafa marefu vipatavyo 1,900 vilibaki katika ardhi yake. Ilikubali kuvirudisha Urusi, na Desemba 1994 mjini Budapest ikapewa hati ambamo Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kuheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaichukua Crimea, na Februari 2022 ikaivamia nchi nzima. Wanakuonyesha na Libya, iliyoachana na mradi wake wa nyuklia Desemba 2003. Miaka minane baadaye Muammar Gaddafi aliuawa katika uasi uliosaidiwa na ndege za nchi zilizomsifu kwa uamuzi huo. Korea Kaskazini, iliyotangaza kujitoa kwenye Mkataba mwaka 2003 na kulipua bomu lake la kwanza Oktoba 2006, imeitaja Libya hadharani kama somo.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na wapinzani wa silaha za nyuklia hukosea wanapoipita haraka. Kuna mambo ya kuongeza, ni kweli. Mamlaka ya kuvirusha vichwa vile vya Ukraine yalikuwa Moscow, na kuvitunza kungehitaji viwanda na fedha ambazo nchi changa haikuwa nazo. Hati ya Budapest ilitoa ahadi bila kumlazimisha yeyote kupeleka jeshi la kuitetea. Hata Libya ilikuwa bado mbali na bomu. Lakini mama wa Mariupol, mji wa Ukraine, aliyepoteza nyumba hatulizwi na maelezo hayo, na serikali nyingine zinazotazama hazitulizwi pia. Kila ahadi ya usalama inayovunjwa huongeza idadi ya wanaojiuliza kama wajitengenezee bomu lao.

Hata hivyo, tukipima vizuri, mifano hiyo inathibitisha jambo moja: aliyeahidiwa usalama alisalitiwa. Haithibitishi kwamba bomu humlinda mwenye nalo. Misri na Syria ziliishambulia Israel mwaka 1973. Argentina ilivivamia visiwa vya Falkland mwaka 1982 ikijua Uingereza ina silaha za nyuklia. India na Pakistan zilipigana Kargil mwaka 1999, mwaka mmoja tu baada ya zote mbili kufanya majaribio. Amani inayodaiwa kuletwa na bomu ina matundu mengi, na hatujui ni sehemu gani yake ilitokana na bomu na ipi ilitokana na bahati.

Bahati hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Usiku wa Septemba 26, 1983, mitambo ya tahadhari ya Kisovieti ilionyesha makombora yakija kutoka Marekani. Ofisa wa zamu, Luteni Kanali Stanislav Petrov, aliona idadi yake ni ndogo mno kwa shambulio la kweli, akaripoti kwamba ni hitilafu. Alikuwa sahihi: setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Januari 1995 roketi ya utafiti iliyorushwa Norway ilidhaniwa na rada za Urusi kuwa huenda ni kombora, ingawa taarifa ya safari yake ilikuwa imetolewa mapema. Anayesema mfumo huu umefanya kazi kwa miaka 80 anahesabu siku zilizopita salama. Nami nauliza: mfumo unaotaka kila mashine na kila mlinzi wa zamu asikosee hata mara moja, milele, tunaweza kuuita ulinzi?

Nchi zilizochoshwa na kusubiri ziliamua kusonga bila wenye silaha. Julai 7, 2017, nchi 122 zilipiga kura katika Umoja wa Mataifa kupitisha mkataba unaozipiga marufuku kabisa silaha za nyuklia, na ukaanza kutumika Januari 22, 2021. Wakosoaji wanasema hakuna hata moja kati ya zile nchi tisa zenye silaha iliyojiunga, kwa hiyo hakuna kichwa hata kimoja kilichopunguzwa. Hilo siwezi kulipinga. Lakini mkataba huo una jambo ambalo ule wa 1970 haukuwa nalo: unawataja waathirika na unadai wasaidiwe. Kazakhstan, ambako Wasovieti walifanya majaribio 456 huko Semipalatinsk, ni mwanachama wake. Katika visiwa vya Marshall Marekani ililipua mabomu 67 kati ya 1946 na 1958, na Ufaransa ilianza majaribio yake Reggane, katika jangwa la Algeria, Februari 1960. Watu wa maeneo hayo wameijua nyuklia katika miili yao, na kwa miongo mingi waliachwa nje ya vyumba vya mazungumzo.

Kwangu mimi, kipimo cha ushirikiano huu ni ukaguzi kuliko saini. Tazama Iran. Chini ya makubaliano yake na mataifa makubwa ya Julai 2015 ilirutubisha urani, yaani kuongeza ndani yake ile sehemu inayotoa nguvu za nyuklia, kwa asilimia 3.67 tu, na wakaguzi walithibitisha mara kwa mara kwamba inatii. Marekani ikajitoa Mei 2018. Kufikia 2021 Iran ilikuwa inarutubisha hadi asilimia 60. Wanaotetea mashambulizi ya Israel na Marekani ya Juni 2025 wanasema urutubishaji wa kiwango hicho haukuwa na maelezo ya kiraia yanayoaminika, na wana hoja. Lakini baada ya mabomu, IAEA haikuweza tena kuthibitisha iliko zaidi ya kilo 400 za urani hiyo. Majengo yalibomolewa, na macho yaliyokuwa ndani yake yakatolewa.

Kinyume chake ni mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote. Kisheria haujaanza kutumika, kwa kuwa nchi kadhaa ambazo ni lazima ziuridhie, Marekani na China zikiwemo, hazijafanya hivyo, na Urusi iliondoa ridhaa yake Novemba 2023. Lakini vituo vyake zaidi ya 300 vya kusikiliza mitetemo ya ardhi, sauti za baharini na chembe za hewani vinafanya kazi usiku na mchana. Katika karne hii ni Korea Kaskazini pekee ambayo majaribio yake ya kulipua bomu la nyuklia yamegunduliwa na kuthibitishwa, na kila mara dunia ilijua ndani ya saa chache.

Ndiyo maana ningeanzia hapo kuliko kwenye mikutano ya kutafuta idadi mpya. Washington na Moscow zinaweza kurudisha upashanaji wa takwimu na kuwaruhusu wakaguzi waingie, hata kabla hazijakubaliana kupunguza kichwa kimoja. China inaweza kualikwa kwanza katika kupeana taarifa za urushaji wa makombora, jambo lisiloihitaji kupunguza chochote. Na anayeombwa kutangulia kuweka silaha chini apewe ahadi yenye mpangilio wa nini kitafanyika, na nani atakifanya, iwapo atashambuliwa.

Afrika Kusini nayo haijamaliza. Sehemu ya urani iliyotolewa kwenye yale mabomu sita bado imehifadhiwa Pelindaba, chini ya uangalizi wa IAEA. Zaidi ya miaka 30 baada ya hotuba ya de Klerk, wakaguzi wanaendelea kwenda kuihesabu.