Sukari kilo mbili za mtia nia, navyoliona hili nikiwa huku Coventry

Jamani wana Moshi habari za huko, mi niko Uingereza mwaka wa saba sasa, kazi yangu kulea wazee kwenye nyumba ya wazee na shifti zangu nyingi ni za usiku, kwa hiyo mama akinipigia huwa ananikuta ndo natoka kazini nasubiri basi. Juzi kanipigia vidio yuko Pasua pale barazani kwake, uso unang'aa, ananionyesha kitenge kipya na mfuko wa sukari kilo mbili. Nikamuuliza umeletewa na nani mama, akasema yule mfanyabiashara wa mjini ametia nia ya ubunge, vijana wake wamepita nyumba kwa nyumba. Nikasema sawa, sasa umewauliza ule mtaro mbele ya nyumba ambao kila masika unarudisha maji mpaka jikoni? Akanyamaza kidogo, halafu akasema "Mwanangu, sukari ya mtu nimeshaitia kwenye chai, nitamuuliza kwa mdomo gani?"

Hilo neno sijaweza kulitoa kichwani tangu siku hiyo. Maana mama hajakosea, ndivyo tulivyolelewa, ukila cha mtu unashukuru, humgeuki. Kwenye msiba na harusi hiyo tabia ndiyo inayotushikilia sisi kama watu. Lakini hawa wanaotafuta kura wanaijua vizuri sana na ndiyo wanayoinunua, sio kura peke yake, wananunua ule mdomo wa kuuliza.

Sasa niwaambie la huku. Mwaka 2024 kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Julai mgombea mmoja aligonga mlango wangu, mvua inanyesha, kalowa, mkononi ana karatasi tu. Mimi napiga kura huku kwa sababu Tanzania iko Jumuiya ya Madola na nina kibali cha kuishi, hiyo sheria ipo. Yule naye mfanyabiashara, ana kampuni ya ujenzi. Nikamuuliza kuhusu sisi walezi, maana tangu Machi mwaka huohuo mlezi aliyekuja kwa viza ya kazi hakuruhusiwa tena kuja na mke wala watoto, na nina wenzangu kazini wanalia kwa hilo. Akanijibu palepale mlangoni kwamba yeye anaiunga mkono hiyo sheria, hakunizungusha. Tukaagana vizuri, kura sikumpa. Sikuwa na deni lake hata la kijiko cha sukari, ndo maana niliweza kumuuliza nikiwa nimenyoosha shingo na yeye akaweza kunijibu ukweli. Huku mgombea akikupa chakula au bia ili umpe kura ni kosa la jinai, limeandikwa kwenye sheria yao ya uchaguzi ya 1983, na matumizi yake ya kampeni yana kikomo na hesabu lazima azipeleke.

Sisemi wazungu malaika, mwaka 2009 wabunge wao walifumaniwa wanadai posho za ajabu ajabu kwa hela ya umma na wengine wakaishia jela, na matajiri wanavichangia vyama vyao hela nyingi tu. Lakini kila mbunge anaandikisha maslahi yake, kampuni, hisa, zawadi, safari alizolipiwa, na mimi nikiwa kwenye basi nafungua simu nasoma.

Na msiseme sisi hatuna sheria. Takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000 kwa jina la ukarimu wa Kiafrika, wanaharakati wakaenda Mahakama Kuu, ikafutwa mwaka 2006. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi 2010. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wapo. Sasa hicho kitenge cha mama kimepitaje? Na hapo sijagusa bahasha za wajumbe kwenye kura za maoni za chama wala pikipiki kujaziwa mafuta zisindikize msafara, hayo mnayaona wenyewe.

Mi sipingi mfanyabiashara kugombea, naomba nieleweke. Moshi Mjini mbunge wetu alikuwa mzee Ndesamburo kuanzia 2000 mpaka 2015, mtu mwenye hoteli yake, na alipofariki 2017 mji ulilia. Mtu aliyeajiri watu anajua ushuru unavyouma na mkopo wa benki unavyokaba, bungeni anahitajika. Zamani Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, ukurugenzi wa kampuni binafsi, hata nyumba ya kupangisha, halafu kwa Azimio la Zanzibar la 1991 masharti yakalegezwa. Sawa, mlango ulifunguliwa na mimi sitaki ufungwe. Ila aliyeingia kwa mlango huo aulizwe. Mbunge wa jimbo anaingia kwenye baraza la madiwani, bajeti ya halmashauri inapita humo, sasa kama kampuni yako inajenga barabara na kuuza saruji utakaa upande gani wa meza? Mfuko wa Jimbo nao, ule wa hela za maendeleo ya jimbo, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, nani atakuwa anauza mabati ya madarasa? Hayo ndo maswali ya kumuuliza huyu ndugu yetu na naamini mtu anayejua biashara anaweza kuyajibu akitaka.

Inaniuma sana kwamba huku ugenini nina kura na nyumbani sina, maana Mtanzania aliye nje hana kituo cha kupigia kura. Hela ya ada natuma, ya dawa natuma, michango ya msiba natuma, lakini siku hiyo mimi ni mtazamaji tu kwenye simu. Kwa hiyo nimebaki na mdomo wa mama.

Nilimtumia hela ya sukari siku ileile, nikamwambia mama hiyo uliyotia kwenye chai sasa imeshalipwa, mpe nyingine jirani mwenye wajukuu na mtaro kauulize. Hakunijibu mpaka jana. Jana kasema Jumamosi kuna mkutano karibu na soko, ataenda na mama Glory, na swali amemwandikisha mjukuu kwenye daftari la shule ili asilisahau. Nimeomba kazini wanibadilishie shifti nimpigie jioni.