Chupa ya tipeksi kwenye droo

Jumapili iliyopita mama alinitumia kwa WhatsApp picha ya majibu yake ya maabara. Anaishi kijijini, nje kidogo ya Korogwe, na alikwenda kupima kwa sababu ya homa na maumivu ya viungo. Ni kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu: malaria wadudu wawili, taifodi ipo, wingi wa damu 11. Hakuna umri, hakuna saa damu ilipotolewa, hakuna saini ya aliyepima. Jina nalo ni moja tu, na pale kijijini wanawake wenye jina hilo nawajua sita bila hata kufikiri.

Nikampigia. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamuuliza, "Mama, kabla ya kukuchoma sindano walikuuliza jina lako?"

"Waniulize la nini, mwanangu, nao wananijua? Yule binti aliyenitoa damu nilimbeba mgongoni akiwa mchanga."

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Nimefanya kazi ya maabara miaka 16, saba nyumbani Tanzania na tisa hapa Leeds, Uingereza. Kila ninaporudi likizo watu huniuliza kuhusu mashine: huko wana mashine gani, zinapima sampuli ngapi kwa saa. Mashine zipo, na ni nzuri. Lakini kitu cha kwanza ambacho ningebeba kurudi nacho nyumbani, kama kingebebeka, ni lile swali ambalo mama yangu hakuulizwa.

Hapa mgonjwa anaweza kulazwa wiki tatu, anayemtoa damu akamzoea hadi akajua majina ya wajukuu zake, na bado kila asubuhi atamwomba ataje jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha alinganishe na mkanda ulioko mkononi. Tyubu huandikwa palepale kando ya kitanda damu ikishatoka. Sampuli ya kupima kundi la damu ikikosewa hata herufi moja ya jina, hatuipokei. Miezi ya mwanzo niliona watu wa hapa hawana utu. Kwetu kumuuliza mtu mzima jina lake, tena mama aliyekulea, ni kama kumkana, na wazee wengi tarehe ya kuzaliwa hawaijui. Silichukulii hilo kwa wepesi. Ila lugha yetu ina adabu ya kutosha kulibeba hata swali hilo: "Mama, naomba nilisikie jina lako kutoka kinywani mwako, nisije nikampa mwingine majibu yako." Sijaona mzee atakayekasirika kwa hilo.

Kuhusu taifodi ya mama sitasema mengi. Kipimo kimoja cha Widal, yaani kile kinachotafuta kwenye damu kingamwili za taifodi, mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na bakteria wa jamii hiyo, hakitoshi kumthibitishia mtu taifodi. Nimemwomba arudi kupima, safari hii akiandikiwa majina yote matatu.

Sasa niseme la kwangu. Mwaka 2012 nilikuwa hospitali moja ya wilaya. Alfajiri zililetwa tyubu mbili kutoka wodi ya wazazi, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina. Nikapima wingi wa damu: mmoja 10.8, mwingine 4.9, upungufu wa hatari. Nikaandika kwenye rejista, majibu yakaenda. Saa nne daktari akaingia amekunja uso. Huyu mnayesema ana 4.9 anatembea wodini na anacheka, na yule wa kitanda cha tatu kiganja ni cheupe kama karatasi. Tulipopima upya tukakuta majina yalikuwa yamebadilishana.

Mkuu wa zamu akavuta droo, akanipa chupa ya tipeksi. "Rekebisha hapo, yaishe." Nikapaka, nikapuliza ikauke, nikaandika juu yake namba zilizo sahihi. Hadi leo naikumbuka harufu yake. Yule mama aliwekewa damu zaidi ya saa nne baada ya muda ambao angepaswa kuwekewa. Mungu alimnusuru. Nasi hatukuuliza plasta zilibandikwa wapi, na nani, na saa ngapi. Wiki iliyofuata yakatokea tena, wodi ileile.

Mkuu wa zamu hakuwa mtu mbaya, na aliipenda kazi yake. Alikuwa anaogopa barua ya kujieleza. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandikiwa mwezi uliotangulia, nakala ikawekwa kwenye faili lake, na wote tulijifunza somo moja: kosa lisilojulikana halina barua.

Leeds hakuna tipeksi maabara. Ukikosea kwenye karatasi unachora mstari mmoja juu ya kosa, ili bado lisomeke, kisha unaandika lililo sahihi pembeni na kuweka saini na tarehe. Ni kanuni ya maabara yoyote inayofuata ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, iwe Leeds au Dodoma. Gharama yake ni kalamu.

Usiku mmoja wa Februari mashine ilinitolea potasiamu ya 8.7 kwa mgonjwa wa wodi ya wazee. Namba hiyo inaweza kusimamisha moyo. Lakini kalsiamu yake ilikuwa chini mno, chini kuliko ambavyo ningetegemea kwa mtu aliye hai. Nikapiga simu wodini. Muuguzi akasema mgonjwa ameketi kitandani anaomba chai. Hapo nikajua. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina chumvi ya potasiamu inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu. Mtu alikuwa ameona tyubu ya kifuniko cha dhahabu haijajaa, akaijazia kwa damu ya ile ya zambarau. Tukaomba sampuli mpya, ikatoka 4.3.

Nikaandika ripoti ya tukio, kama tunavyoandika hata kwa tyubu iliyochelewa kufika. Asubuhi daktari kijana akapiga simu mwenyewe: "Ni mimi. Mishipa yake ilikuwa haionekani, damu ilitoka kidogo." Yalipojadiliwa, swali lilikuwa: kwa nini mtu mwenye akili timamu alijikuta analazimika kumimina? Jibu likawa kwamba wodi ya wazee haikuwa na tyubu ndogo. Zikaletwa.

Kuna takwimu ninayowatajia wanafunzi kila wanapokuja. Mwaka 1997 watafiti wa Padova, Italia, walichapisha hesabu ya makosa ya maabara ya dharura ya hospitali: asilimia 68 yalitokea kabla sampuli haijapimwa, na asilimia 13 tu wakati wa kupima. Walirudia baada ya miaka kumi, picha ikawa karibu ileile. Kosa huzaliwa kitandani kwa mgonjwa, mezani kwa muuguzi, kwenye boksi la usafiri. Ndiyo maana hospitali ikinunua mashine ya mamilioni na kuacha plasta zilivyo, itapata majibu ya mtu mwingine kwa haraka zaidi.

Wala asinielewe mtu kwamba Wazungu hawakosei. Mwaka 2021 maabara moja binafsi mjini Wolverhampton ilitoa majibu yasiyo sahihi ya Uviko-19 yapatayo 39,000, watu wakaambiwa hawana virusi wakati wanavyo, kwa sababu viwango vya kuamua nani anavyo na nani hana vilipangwa vibaya. Fedha zilikuwepo, mashine zilikuwepo. Lakini uchunguzi ulifanyika na ripoti yake ikatolewa hadharani.

Nyumbani yako mengi ambayo hayamhusu mtu wa maabara. Umeme ukikatika friji ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, inapata joto. Zamu ya usiku ina mtu mmoja, ndiye anayepima, anayetafuta damu salama na anayefungua mlango. Najua, nimekuwa huyo mtu. Na tumepiga hatua ambazo huku hawazijui: mwaka 2009, mjini Kigali, Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika lilizindua mpango wa kuzipandisha maabara ngazi kwa ngazi, nyota sifuri hadi tano, na leo Tanzania na Kenya zina maabara zenye ithibati kamili ya kimataifa. Nawaheshimu waliozifikisha hapo. Kinachoniuma ni jinsi tunavyozipokea siku za ukaguzi kama ugeni wa harusi. Wiki mbili kabla, majalada yote yanajazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, chati za udhibiti ubora zinachorwa za miezi mitatu kwa usiku mmoja. Wageni wakiondoka, tipeksi inarudi droo ileile.

Madaktari wanayaona haya, nao wanaacha kutuamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa kaskazini mashariki mwa Tanzania, huko kwetu, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio walikuwa na vimelea kwenye damu. Tangu hapo vipimo vya haraka vimesaidia sana. Lakini daktari anayemtibu mtu kinyume na majibu ya maabara mara nyingi ana sababu ya kutoyategemea, na sababu hiyo tumeitengeneza sisi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waganga wafawidhi, kuliko kwa wenzangu wa maabara. Anayeripoti kosa lake mwenyewe asiandikiwe barua ya kujieleza. Atakayelificha, mwandikieni. Likianza hilo, mengine yatapata pa kushika.

Mwaka jana nilimsimulia haya rafiki yangu niliyesoma naye, sasa ni mkuu wa maabara katika hospitali ya misheni. Alimwomba mganga mfawidhi wake ahadi hiyohiyo, akaipata, akanunua kauntabuku. Mwezi wa kwanza yaliandikwa matukio 41. Akanitumia picha za kurasa, miandiko ya kila namna, mistari ya kukata hapa na pale. Matukio mengi yalitoka wodi ya wazazi, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri. Akaenda kukaa huko alfajiri moja aone. Muuguzi mmoja, wagonjwa 22, na ili awahi, alikuwa anabandika plasta kwenye tyubu zote mezani kwanza, kisha anazunguka nazo vitandani kwenye trei.

Sasa anazunguka na kalamu na plasta mfukoni, na tyubu tupu. "Dada," rafiki yangu aliniandikia, "mwezi huu wodi hiyo ina matukio matatu. Na yote matatu ameyaandika yeye mwenyewe."