Acheni kiroba cha mama, tuongelee sanduku lako

Juzi mtu kaweka picha ya korido ya behewa la kulala, viroba vimejipanga mpaka karibu na choo, juu kaandika "ndo maana hatuendelei". Watu wakacheka weee. Mi nilikasirika mpaka chai ikapoa, kwa sababu hizo treni nimezipanda sana, na leo naomba niseme bila kuzunguka: mzigo unaotutesa kwenye vile vyumba sio kiroba. Ni sanduku. Lile gumu la plastiki, linang'aa, magurudumu manne, ambalo mwenye nalo akilivuta pale stesheni anajiona yeye ndo msafiri, sisi wengine ni wahamiaji.

Mwaka jana nilikuwa natoka Mbeya kurudi Dar na TAZARA, ile treni ya reli ya Tanzania na Zambia, daraja la pili. Wanaolijua wanalijua, vitanda sita, vitatu huku vitatu kule, katikati kaupenyo ka kupita kwa ubavu na kameza kamebanana dirishani. Mizigo ina sehemu mbili za haki, chini ya vitanda vya chini, na kule juu kwenye kile kishimo kinachoingia juu ya korido. Basi. Watu sita, kilomita kama 850, usiku mzima. Na chumba kwa vile ni cha wanawake watupu mnajua tena, hakuna hata mmoja aliyekuja na mfuko mmoja.

Nimeingia nikakuta mama mmoja wa makamo katokea Tunduma, ana viroba viwili vya maharage, begi moja la shangazi kaja limeshiba, na dumu la mafuta. Nimemwamkia, kaitikia, halafu hata sijaomba kaanza kupanga. "Mwanangu leta hapa hilo begi." Kiroba kimoja kakisukuma kwa goti mpaka ukutani, cha pili kakilaza juu yake, kakipiga ngumi katikati kikabonyea, begi langu likakaa kwenye lile bonde kama limeshonewa. Dumu kalisimamisha pembeni ya mlango, kalifunga kwa kipande cha kanga kwenye mguu wa kitanda lisianguke treni ikishtuka. Shangazi kaja kaikunja masikio ikapanda juu. Dakika kumi haziishi, watu wanne wameshapangika na upenyo bado upo.

Akaingia dada. Masanduku mawili magumu, kubwa la waridi na jingine dogo. Anaenda kwenye harusi, hongera zake. Cha kwanza kuangalia viroba halafu kutuangalia sisi kwa zamu, "jamani hii mizigo yote ya nani?" Mama wa watu kanyamaza. Dada kalisukuma lake chini ya kitanda, limegoma. Kaligeuza, limegoma. Kalilaza, magurudumu yakakwama kwenye ukingo. Sanduku gumu halina adabu ya kubonyea, lenyewe linataka dunia nzima ibonyee ili lipite. Tukajaribu juu, watu watatu, mmoja kasimama kitanda cha kati, likaingia nusu na nusu ikabaki inaning'inia juu ya kichwa cha bibi aliyelala chini. Bibi akasema kwa upole kabisa, "mie sijaja huku kufa." Likashushwa. Likaishia kwenye upenyo.

Sasa hapo ndo naomba mnisikilize, maana watu wanadhani shida ni ukubwa. Shida ni linavyofunguka! Begi la zipu unalifungua kwa juu, unazamisha mkono, unatoa kanga, umemaliza, hata gizani. Lile sanduku linafunguka kama kitabu, pande mbili, linataka sakafu mara mbili ya lenyewe. Na chumba sakafu ndo ileile moja. Kwa hiyo dada akitaka mswaki, sote miguu juu. Akitaka chaji, miguu juu. Saa nane usiku, tunashuka yale mahandaki kuelekea Mlimba, akakumbuka mafuta ya mgando, taa ikawashwa, bibi kaamka, nguo za harusi zimetandazwa sakafuni kama mnada wa Jumapili. Halafu treni ikafunga breki. Magurudumu manne yanayozunguka pande zote ni raha sana kwenye vigae vya uwanja wa ndege, kwenye behewa ni mtoto mtundu, likaondoka lenyewe mpaka mlangoni likaligonga dumu la mama. Kama si kile kipande cha kanga tungeogelea.

Na mtu wa namna hiyo ndo anapiga picha ya viroba.

Ukweli usemwe lakini, mama naye alipitiliza. Viroba viwili vya maharage vilitakiwa viende behewa la mizigo, lipo kwa kazi hiyo. Najua kwa nini watu hawapeleki, unalipia, halafu unashuka unasubiri mzigo wako huku wenzio wameshapata bodaboda, lakini sababu sio ruhusa. Na wale wanaoingia na samaki wakavu ndani ya chumba cha watu sita, hapana, hapo hata mimi sitetei. Na sawa, sanduku gumu halipitishi maji kirahisi, vyombo vya glasi havivunjiki ovyo. Haya nimesema.

Wa SGR, ile treni mpya ya umeme, najua mnacheka. Nyie mmekaa kwenye viti, Dodoma mnafika kabla mi sijapata soksi, na reli yenu upana wake ni milimita 1,435, yetu ni 1,067, ilijengwa miaka ya 70 kwa kipimo hicho ili iungane na ya Zambia. Kwa hiyo msiniambie habari za "wangetanua". Haitanuki. Tunaotakiwa kunywea ni sisi na mabegi yetu.

Tena kuna kitu watu wa masanduku hawakijui kabisa: kwenye treni mzigo unaongezeka njiani. Mlimba wanakuja na ndizi dirishani, Ifakara mchele, na hujazaliwa wewe wa kupita Ifakara mikono mitupu ukafika Dar ukaulizwa na wakwe. Ndo maana mama alikuja na kiroba kitupu kimekunjwa ndani ya shangazi kaja. Asubuhi kakitoa, kakijaza mchele, kakiweka miguuni kwake akakiegemea mpaka Dar. Dada naye alinunua kilo tano. Ziende wapi? Sanduku limejaa, halivutiki hata kidole. Akamwangalia mama. Mama akafungua kiroba chake bila neno, akamwekea mfuko wake humo ndani kwa juu, akafunga fundo.

Nilivyoona vile nilitaka kucheka nikashindwa, maana mwenzenu nilikuwa najua ile aibu. Miaka miwili nyuma dada wa sanduku nilikuwa mimi. Njia hiyohiyo, na mimi niliuliza hivyohivyo kwa sauti hiyohiyo, "hii mizigo ya nani?", na tofauti ni kwamba mama niliyemkuta mimi hakunyamaza. Alichoniambia siandiki hapa, wanangu wanasoma.

Langu lipo juu ya kabati mpaka leo, la kijivu, kubwa, namba za kufungia bado ni sifuri tatu, gurudumu moja halizunguki. Anayetaka aje na bei yake, ila kama unasafiri kwa treni sikuuzii.