Gololi za Oppenheimer

Katika filamu ya Oppenheimer, inayomhusu mwanafizikia aliyeongoza wanasayansi waliotengeneza bomu la atomiki la Marekani, kuna kitu kidogo kilichonikaa kichwani kuliko hata ule mlipuko wa jangwani. Oppenheimer, akiigizwa na Cillian Murphy, anadondosha gololi ndani ya bakuli la kioo mbele ya wanasayansi wenzake. Gololi hizo zinasimama badala ya urani iliyokwisha kusafishwa, mojawapo ya malighafi za bomu. Chombo cha pili ni cha plutoniamu, malighafi nyingine ya bomu. Kadiri filamu inavyosonga ndivyo zinavyoongezeka, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa kwamba vyombo vikijaa, bomu limeiva. Christopher Nolan amechukua kazi ya viwanda vizima akaifanya mlio mdogo wa kioo. Huo ni uongozaji wa hali ya juu.

Ila gololi zinatoka wapi?

Tangu filamu hii itoke Julai 2023, na hata baada ya kuzoa tuzo 7 za Oscar Machi 2024, ubishi mkubwa umekuwa juu ya watu wasioonekana ndani yake. Hiroshima haionyeshwi, wala Nagasaki, miji ya Japani iliyoangushiwa mabomu hayo. Mwongozaji Spike Lee aliisifu, lakini akasema yeye angeongeza dakika chache za yale yaliyowapata Wajapani. Wakazi wa New Mexico walioangukiwa na vumbi la jaribio la bomu la tarehe 16 Julai 1945 nao wamelalamika kwamba jangwa lao limeonyeshwa kama halikuwa na watu.

Utetezi wa Nolan una uzito. Filamu ina sehemu za rangi na za nyeusi na nyeupe, na zile za rangi zinasimuliwa kutoka kichwani mwa Oppenheimer. Hata skripti yake aliiandika kwa nafsi ya kwanza. Mtu huyo hakuwepo Hiroshima. Halafu litazame lile tukio la ukumbini baada ya bomu kuangushwa: watu wanashangilia na kukanyaga mbao kwa vishindo, sauti inakatika ghafla, mwanga mweupe unafurika, ngozi ya uso wa msichana inaanza kubanduka. Mguu wa Oppenheimer unazama ndani ya mwili uliogeuka mkaa. Baadaye wanaonyeshwa picha za wahanga, na kamera haituonyeshi picha hizo. Inatuonyesha yeye akiyaondoa macho. Wanaosema hapo Nolan amewakwepa wahanga, mimi siko nao. Anayekwepa ni Oppenheimer, na filamu inamfumania.

Mwongozaji Jonathan Glazer, mwaka huohuo wa 2023, alikwenda mbali zaidi katika The Zone of Interest. Familia ya Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz, inapalilia maua kando ya ukuta wa kambi, na mauaji hayaonyeshwi hata mara moja. Tunasikia risasi, mbwa, mayowe, na mngurumo usiokoma. Mke wa Höss anajaribu koti la manyoya lililoporwa, anakuta rangi ya midomo mfukoni, anajipaka. Mwenye rangi ile hatumwoni, lakini kuanzia hapo nilishindwa kumwondoa ndani ya chumba kile.

Kwa hiyo kutoonyesha si kosa. Ndiyo maana gololi zinanikera. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, karibu na mji tunaouita leo Likasi, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York kabla Marekani haijaingia vitani. Yalikuwa mawe ya ajabu, mengine yakifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingi ya kwingineko haifikishi hata asilimia moja. Walioyatoa ardhini ni vibarua Wakongo, katika nchi ambayo mpaka leo sokoni watu wanapatana bei kwa Kiswahili.

Mtetezi atasema hii si filamu ya migodi, saa tatu tayari zimejaa, na kwa Oppenheimer urani ilikuwa hesabu tu. Hilo la mwisho ni jibu zuri: gololi zinaonyesha hasa jinsi kitu kilichotoka kwa jasho kinavyofika mezani kikiwa laini, kisafi, hakina mwenyewe. Ningelipokea kama filamu ingeonyesha kwamba inajua. Kwa Hiroshima tunapewa macho yanayokwepa. Kwa Shinkolobwe hatupewi hata hayo. Hata jina halitajwi.

Na nafasi ilikuwepo. Afisa aliyekwenda ofisini kwa Sengier Septemba 1942 kununua mawe yale ni Kenneth Nichols. Nichols yumo kwenye filamu hii, ameigizwa na Dane DeHaan, na ana maneno ya kusema.