Nimechangiwa Nauli Kintinku

Binti wa mapokezi hapa gesti amefungua kile kitabu kikubwa, akaandika jina, kabila, ninakotoka na ninakokwenda. Kisha akachungulia mlangoni aone nimekuja na usafiri gani. Akaiona baiskeli. Akanitazama mimi, jasho limekauka mpaka limeacha ramani ya chumvi kwenye fulana. Akaandika: "kwa miguu".

Nikamwambia, dada, hiyo ina gia ishirini na moja. Akasema, "Sawa baba. Malipo ni kabla ya kuingia."

Nimelipa. Sasa nimelala kiubavu, maana kukaa leo hakuwezekani, na nina maneno.

Nimetoka Manyoni saa kumi na moja na nusu alfajiri kuja Dodoma, kilomita 120 na ushee. Peke yangu. Kwa hiari yangu. Hilo la hiari ndilo linaloleta matatizo. Mzungu akipita na mabegi manne na kibendera nyuma, watoto wanampungia na wazee wanasema yule anazunguka dunia. Nipite mimi, mzaliwa wa hapa hapa, baba wa watoto watatu, mtu niliyeongoza kamati za harusi nne na zote zikavuka lengo, naulizwa: "Kaka, gari limekuharibikia wapi?"

Kwa haki, mwanzo ulikuwa mzuri. Pale Saranda barabara inaporomoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, ule ambao treni ya zamani huupanda kwa kukohoa, nilishuka kama naibu waziri anayekwenda kuzindua kisima. Pedeli sikanyagi, kifua mbele. Mbuzi wakanipisha.

Halafu tambarare ikaanza, na upepo.

Upepo wa huku mwezi wa nane hauhitaji utambulisho. Unatoka Dodoma, mimi nakwenda Dodoma, tukakutana. Niliuona mbuyu mmoja mbele yangu nikajiwekea nadhiri ya kupumzika chini yake. Baada ya nusu saa ya kukanyaga, mbuyu ni ule ule, mbele pale pale, umenenepa kidogo tu. Tangu 2024 treni ya umeme inamtoa mtu Dar mpaka Dodoma na saa nne hazijafika. Mimi saa nne ilifika, ikanikuta ndiyo kwanza naingia Kintinku.

Nilisimama kunywa chai. Kosa langu ni hilo tu, chai. Mama lishe akanimiminia, akaniwekea maandazi mawili, akaiangalia baiskeli, akayaangalia mabegi, hasa lile lenye sufuria ndogo inayoning'inia. Ile sufuria ndiyo iliyoniponza. Mwanaume mwenye sufuria.

"Baba, unahama?"

"Hapana mama. Natembea tu."

"Mpaka wapi?"

"Dodoma."

"Nani kafariki?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki, najifurahisha. Nililitamka neno hilo, kujifurahisha, huku midomo imepasuka na jicho moja limejaa vumbi. Mama akaweka birika chini taratibu. Akamwita mzee mmoja mwenye koti jeusi aliyekuwa amekaa chini ya mwarobaini. Mzee akaja, nikamwamkia, akaitika marahaba ndefu ya msibani, akanishika bega.

"Mwanangu. Mke kakufukuza?"

Kufikia hapo vijana wa bodaboda watatu wameshazima pikipiki. Kumbuka, hili jina lao lenyewe, boda, limeanzia kwenye baiskeli, za kuvusha watu mpakani Busia. Leo wajukuu wa baiskeli wananitazama kwa huruma! Mmoja akasema yuko mtu kwao alianza hivi hivi, siku ya tatu akakutwa Singida anaongoza magari.

Nikaeleza. Nikasema nina kazi, nina mke, nina likizo. Kila nilichosema kilizidi kunizamisha. "Ana kazi," mzee akawageuzia wengine maneno, "na bado." Basi likawa jambo la kijiji.

Mwalimu mmoja mstaafu akaomba daftari. Mama lishe akatoa lile la madeni, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, mwalimu akatafuta ukurasa safi, akapiga mstari kwa ubavu wa kiberiti: jina, ametoa, ahadi. Juu akaandika kwa herufi kubwa, MCHANGO WA NAULI MGENI WA BAISKELI. Nikasema jamani nauli ninayo. Mzee akanipigapiga mgongo: "Tunajua, mwanangu. Hata sisi tuliwahi kuwa nayo."

Ndugu zangu, nimekaa upande ule wa daftari miaka mingi. Nimewafuata watu makazini, nimewapigia usiku, nimewaambia kadi bila mchango haipo. Sijawahi kukaa upande huu. Upande huu unakunywa chai yako huku watu wanasomwa majina. Mama lishe, elfu moja. Mzee wa koti, elfu mbili, alizitoa kwenye soksi. Boda watatu, mia tano mia tano. Mama mmoja aliyekuwa anangoja basi na kuku wawili akatoa sarafu mbili za mia mbili, na mimi nikataka ardhi inimeze, maana mfukoni nilikuwa na laki moja na arobaini. Mwenye bucha akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Niandikeni elfu mbili, ahadi!" Mwenye bucha wa namna hiyo yupo kwenye kila kamati. Sijui kama anazaliwa huko au anapelekwa.

Kijana mmoja akasema shemeji apigiwe. Nikakataa. Wakasema, mnaona, anakataa. Nikapiga, simu ikanyang'anywa.

"Shemeji, shikamoo. Usiogope. Mume wako tumempata."

Sasa mama watoto wangu, mwanamke niliyemuaga jana yake na akanifungia chapati kwa mkono wake, anajua niko wapi na kwa nini. Angesema neno moja tu na mimi ningekuwa huru. Kimya kidogo. Halafu nikamsikia, maana simu ilikuwa spika: "Asanteni sana jamani. Nimehangaika naye mwaka mzima. Mpandisheni tu basi." Na nyuma ya sauti yake watoto wanacheka.

Mapato yakasomwa: 7,400 taslimu, ahadi 2,000. Kisha ikaonekana kamati imefanya kazi kubwa juani, zikaagizwa soda na maandazi, 3,000. Zikabaki 4,400. Nauli 5,000. Katibu akainua macho kwenye daftari, akayazungusha kwa waliokuwepo, mmoja mmoja, mpaka yakanifikia mimi.

Nikatoa mia sita. Jina langu likaandikwa. Nimejichangia!

Basi likaja. Konda akaruka chini, akaniangalia, akaiangalia baiskeli, akasema mtu elfu tano, baiskeli elfu tano, na mtu atasimama. Kelele zikaanza. Mzee wa koti akamuuliza konda kama ana mama. Konda akasema anaye na yeye hulipa nauli. Basi likaondoka, vumbi likabaki na sisi. Mwalimu akafungua daftari ukurasa wa pili, AWAMU YA PILI, na hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Nikasema naenda kujisaidia. Nikaondoka na baiskeli. Ni kweli hakuna mtu anayekwenda kujisaidia na baiskeli, lakini nilikuwa sina akili nyingine wakati ule. Nyuma nikamsikia mzee: "Mkimbilieni, atajidhuru!"

Boda mmoja alinifikia kama kilomita mbili mbele. Akaniwekea noti mkononi, elfu tano kamili, akasema kamati imesema hela ya mgeni ni amana. Nusura nilie, nasema kweli, kwa wema ule. Halafu akasema, "Ya mafuta je, bosi?" Zikabaki elfu tatu.

Yaliyobaki ya njia hayana maajabu. Pancha mbili, zote mbigili. Kila basi la Mwanza likipita linakupiga kofi la upepo, unajikuta kwenye mabua ya mtama wa watu. Karibu na Bahi trafiki aliniwashia tochi, akaisoma, akamwita mwenzake aje kuona. Rasta za barabarani sitaki hata kuzizungumzia, aliyezibuni alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari, kile kipana chenye sponji. Kigwe mtoto aliniuliza kama nauza sufuria.

Mama watoto ametuma elfu ishirini. Kwenye ujumbe kaandika: "Nauli ya kurudi. Kamati inakusalimu." Maana yake wanawasiliana. Katibu naye amenitumia taarifa ya mapato na matumizi, safi kabisa, kuliko ya harusi yangu mwenyewe, na chini ameomba kwa kuwa mimi ni mzoefu nimsaidie kumkumbusha mwenye bucha ahadi yake. Nimempigia mara mbili. Hapokei.

Na mlinzi wa gesti yuko mlangoni sasa hivi, anagonga, anataka elfu moja ya maegesho. Maegesho! Mwambieni akasome kitabu chao. Nimekuja kwa miguu. Anataka nilipie nini, miguu? Miguu iko humu ndani, nimelala nayo.