Gottfried Böhm na mlima wa zege wa Neviges: nyumba ya sala au sanamu ya msanifu?

Mwaka 1963 Jimbo Kuu la Köln, Ujerumani, lilikuwa likitafuta mchoro wa kanisa jipya la hija katika mji mdogo wa Neviges, na wasanifu wakashindanishwa. Askofu mkuu wa wakati huo, Kardinali Josef Frings, alikuwa amekaribia kupofuka kabisa. Inasimuliwa kwamba hakuweza kuzitazama modeli za washindani, akazipapasa kwa vidole. Mkono ulipopita juu ya paa la modeli ya Gottfried Böhm, lililojaa vilele na mabonde kama safu ya milima, hakutaka kuhangaika tena na nyingine.

Mimi huanzia hapo kila ninapomfikiria Böhm. Alisomea usanifu na uchongaji kwa pamoja mjini München, na maisha yake yote alikuwa akifinyanga modeli za majengo yake kwa udongo wa mfinyanzi. Ikawa kazi yake kubwa kuliko zote imechaguliwa kwa mguso wa mkono. Na ugomvi wote unaohusu makanisa yake unatoka hapohapo: je, huyu alijenga nyumba za sala, au alichonga sanamu kubwa kisha akawaachia waamini kazi ya kuishi ndani yake?

Kanisa lenyewe, la Maria Malkia wa Amani, lilitabarukiwa Mei 1968. Katika jimbo zima linazidiwa ukubwa na kanisa kuu la Köln peke yake. Wapo wanaoingia humo wakanyamaza papo hapo. Wapo wanaotoka wakisema wameona handaki la vita.

Böhm alizaliwa Offenbach, Januari 1920, katika ukoo wa wajenzi. Baba yake, Dominikus, alikuwa miongoni mwa wasanifu wakubwa wa makanisa ya Kikatoliki wa zama zake. Kanisa lake la Mtakatifu Engelbert mjini Köln, lililokamilika mwaka 1932, wenyeji walilibandika jina la "kikamulio cha ndimu" kwa umbo la paa lake. Dominikus alitaka altare isogee karibu na watu miaka thelathini kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu uliorekebisha ibada ya Kikatoliki. Kijana wake alipelekwa vitani, akajeruhiwa, akarudi kusoma. Mwaka 1948 alimwoa Elisabeth, msanifu mwenzake, ambaye mkono wake umo katika majengo kadhaa ya mumewe ingawa jina lake hutajwa mara chache mno, na hilo ni deni ambalo waandishi wa usanifu hawajalilipa. Baba alipofariki mwaka 1955, Gottfried alirithi ofisi.

Kabla ya hapo, lakini, alikuwa ameshajenga kitu ambacho kwangu ni ushahidi mzito katika kesi hii. Mabomu yalikuwa yameufanya mji wa Köln kuwa kifusi. Katika magofu ya kanisa la Mtakatifu Kolumba, sanamu ya Bikira Maria ilibaki imesimama kwenye nguzo yake, huku kila kitu pembeni kimeporomoka. Parokia haikuwa na fedha wala kanisa. Böhm aliizungushia sanamu ile kikanisa kidogo cha pembe nane, kikakamilika mwaka 1950, na watu wakamwita Bikira huyo Maria wa Magofuni. Mtu ambaye kanisa lake la kwanza ni kibanda cha kumsitiri aliyenusurika, mimi napata shida kumwita mpenda makuu. (Leo kikanisa hicho kimemezwa na jengo la makumbusho la msanifu Mswisi Peter Zumthor, lililofunguliwa mwaka 2007. Wengi wanalisifu jengo hilo. Mimi nakililia kikanisa kilichokuwa kimesimama peke yake.)

Sasa tuwasikilize wanaompinga, tena tuwasikilize vizuri, kwa sababu hawasemi uongo.

Hoja yao nzito ni paa. Böhm alitaka ukuta na paa viwe mwili mmoja, vya zege lilelile, bila vigae wala bati, kama mwamba ulioota ardhini. Kila aliyewahi kusimamia ujenzi anajua zege linavyolipiza. Hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji ya mvua huingia. Yakifika kwenye nondo, nondo hushika kutu. Kutu huvimba na kulisukuma zege mpaka linabanduka vipande. Neviges iko katika eneo la mvua na baridi, maji yakaganda na kuyeyuka ndani ya nyufa msimu baada ya msimu. Kanisa likavuja, likazibwa, likavuja tena kwa miongo. Hapa sioni utetezi. Hamu ya mchongaji ilishinda tahadhari ya mwashi, na gharama wakaibeba watu ambao hawakuulizwa.

Hoja yao ya pili ni ukubwa. Kanisa lilikusudiwa kupokea mahujaji kwa maelfu, na lilifunguliwa wakati ambapo Wajerumani walikuwa wameshaanza kuyapa makanisa kisogo. Mwaka 2022 pekee Wakatoliki zaidi ya 520,000 walijiondoa rasmi katika Kanisa nchini humo. Misa ya siku ya kawaida ndani ya ukumbi ule hupotea kama sauti ya mtu mmoja kwenye uwanja wa mpira. Ongeza giza: mzee mwenye macho dhaifu hupata taabu kusoma kitabu chake cha nyimbo.

Tena malalamiko hayakuishia kanisani. Ukumbi wa manispaa wa Bensberg, alioujenga miaka hiyohiyo ya 1960 kwa zege tupu ndani ya mabaki ya ngome ya kale, wenyeji waliuita "Mwamba wa Nyani". Jina kama hilo ni namna ya watu kusema hawakushirikishwa.

Lakini hebu tutembee na hujaji. Hija ya Neviges ilianza mwaka 1681, na kinachoheshimiwa pale ni picha ndogo iliyochapwa, iliyotoka katika kitabu cha sala, isiyozidi kiganja. Ukishuka mjini unapanda njia pana ya ngazi zisizo kali, nyumba ya mahujaji ikikusindikiza kwa kuta zake zenye matumbo ya mviringo. Unafika mlangoni, unaingia, na sakafu haibadiliki: tofali zilezile ulizokuwa ukizikanyaga nje zinaendelea ndani mpaka altareni. Taa zimesimama kwenye milingoti kama taa za barabarani. Kuta zimepangwa roshani juu ya roshani, kama nyumba za ghorofa zinazouangalia uwanja wa soko. Viti ni vya kusogeza. Böhm hakukutoa barabarani akakuweka ukumbini. Aliichukua barabara akaiingiza ndani, akaipa paa.

Ukishaona hivyo, giza linabadilika maana. Ni jioni ya msafiri aliyefika. Na katika giza hilo kuna dirisha la waridi jekundu, alilolichora Böhm mwenyewe. Jua likilipata, wekundu hudondoka juu ya zege la kijivu lenye alama za mbao zilizolishika lilipomwagwa. Wanaosema jengo hili halina huruma nadhani walilitazama kutoka nje, wakaishia hapo.

Kwa hiyo msimamo wangu hauko katikati. Wapinzani wako sahihi kuhusu paa, na wamekosea kuhusu moyo wa jengo. Tuzo ya Pritzker, kubwa kati ya tuzo za usanifu duniani, aliyopewa mwaka 1986, akiwa Mjerumani wa kwanza kuipata, haiongezi wala haipunguzi kitu katika hili. Tuzo hazizuii mvua. Linaloongeza ni kwamba Böhm alimfikiria mtu mwenye miguu iliyochoka. Nasikitika tu kwamba hakumfikiria na fundi atakayepanda juu kuziba nyufa.

Fundi huyo, kwa namna fulani, alikuja kuwa mwanawe. Peter Böhm, mmoja wa watoto watatu waliofuata usanifu, alisimamia ukarabati wa paa, ambapo liliwekwa tabaka jembamba la zege jipya lenye wavu wa kaboni ndani yake. Kaboni haishiki kutu. Ndugu yake Paul alishinda pamoja na baba yao shindano la mwaka 2006 la kujenga msikiti mkuu wa Köln, na ndiye aliyeujenga. Kuba lake la zege limepasuliwa ili mwanga uingie, na mwenye macho hakosi kuiona damu ya ukoo.

Makanisa mengine ya Böhm hayakupata wa kuyashika. Lile la Mtakatifu Ursula, mjini Hürth, lilifungwa mwaka 2006, na baadaye likawa mahali pa maonyesho ya sanaa. Jengo limepona, Misa imekwisha. Wanaoona kwamba alikuwa mchongaji tu wanaweza kusema kanisa hilo limerudi kwao. Mimi nadhani Böhm angependa zaidi mlio wa viti vikisogezwa.

Neviges nako palikaribia kukosa wahudumu. Mwaka 2020 Wafransisko, waliokuwa wakipahudumia tangu karne ya 17, waliondoka. Wakaja mapadre wa Jumuiya ya Mtakatifu Martin kutoka Ufaransa. Milango ingali wazi, na ile picha ndogo ya kiganja bado iko mle ndani, chini ya mlima wote ule wa zege.